Herufi Saba za Muyinga

Chukulia kwamba dereva ametoka Gitega kwenda Muyinga kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Njiani anaandika jina la aendako kwenye skrini ya gari. Muyinga ni herufi saba. Akitumia sekunde moja kwa kila herufi, gari litakwenda zaidi ya mita 110 bila macho yake, na kando ya barabara wapo waendesha baiskeli na watoto.

Tumezoea kumlaumu dereva. Ni haki, lakini aliyeibuni kibodi hiyo naye anastahili lawama. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 unataka kila mtazamo kwenye skrini usizidi sekunde 2. Basi kibodi na ijifunge gari linapokwenda. Likisimama, herufi mbili zitoshe kuleta jina zima. Na mtambo uelewe Kirundi na Kiswahili kwa sauti, maana magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani yakiwa na maandishi ya Kijapani.

Wewe ujifunzaye Kiswahili, idai lugha hii hata garini. Hadi hapo, mwambie dereva asimame ndipo aandike. Kawia ufike.