Taa za vyooni zipunguzwe upande wa mahema, si upande wa njia



Unazijua zile taa za sola karibu na vyoo vyetu, zinazowaka zenyewe mtu akipita. Jioni zinawaka vizuri. Ikifika saa nane za usiku betri imekwisha, na saa hiyo ndiyo mama mwenye mtoto anayehara anatoka hemani. Sisi wahamasishaji wa afya tunayaona matokeo asubuhi: kinyesi nyuma ya mahema, ndoo ya usiku imemwagwa mtaroni. Dada zetu wengine hawanywi maji jioni ili wasilazimike kutoka. Tuwalaumu?

Kisa ni kwamba taa hizo hazipumziki. Ndani yake mna chombo kinachohisi mwendo kwa mawimbi ya mikrowevu, ambayo ni ndugu wa mawimbi ya redio. Mawimbi yanatoka, yanagonga kitu, yanarudi. Kitu kikiwa kinatembea yanarudi yamebadilika, na taa inawaka. Sasa, mawimbi hayo yanapita kwenye shitingi kama vile haipo. Ukiamka kumfunika mtoto ndani ya hema lako, taa inakuona. Hata shitingi iliyolegea ikipigwa na upepo, kama unavyovuma huku Rusizi kabla ya mvua, nayo inahesabiwa kuwa mtu.

Wengi wanaomba betri kubwa. Mimi naona lipunguzwe kwanza eneo linalohisiwa, lakini kwa akili. Fundi mmoja alikuja na bisibisi, akazungusha skurubu ya usikivu hadi mwisho, akaondoka. Kweli, betri ikafika asubuhi. Ila taa ikawa inawaka ukishashika mlango wa choo! Kanuni za Sphere, ambazo mashirika hufuata, zinataka choo kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka makazi. Mita 50 za giza ni nyingi kwa msichana aliye peke yake.

Skurubu ile inapunguza pande zote kwa pamoja, kwa hiyo iguswe mwisho. Kwanza taa igeuzwe itazame njia, mtu aje akiielekea, kwa sababu chombo hiki humhisi vizuri zaidi anayekisogelea kuliko anayekatiza mbele yake. Kisha upande wa mahema kiwekwe kipande cha bati, maana mawimbi hayo hayapenyi chuma. Bati lisizibe mbele, na lifungwe imara. Likichezacheza litawasha taa lenyewe. Shitingi za vyoo nazo zikazwe. Ndipo skurubu izungushwe, kidogo kidogo.

Na wasipime wanaume wawili warefu peke yao. Apime mama aliyebeba bidoni, apime mtoto wa miaka sita anayetembea polepole, kwa kuwa mwili mdogo hurudisha mawimbi machache. Najua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya mafundi, si ya afya. Anayesema hivyo aje asubuhi atusaidie kuzika kinyesi.

Usiku wa leo ukienda chooni, hesabu hatua ulizotembea gizani kabla taa haijawaka. Tukipita hemani kwako tutakuuliza, na namba hiyo tutaipeleka kwa wanaohusika na taa kabla fundi hajarudi na bisibisi yake.

Mhamasishaji wa afya ya jamii, Rusizi