Mche Ulioshika Ndio Unaolipwa

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mageuzi huletwa na kiongozi kama mvua iletwavyo na wingu, na kwamba kazi ya mwananchi ni kukinga mtungi tu. Dhana hiyo imetugharimu. Desemba 1991 kilifutwa kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982. Kabla mwaka 1992 haujaisha, FORD, tumaini la wengi, ilikuwa imepasuka kuwa Ford-Kenya na Ford-Asili kwa swali moja: nani agombee urais? Wafuasi nao wakajipanga nyuma ya vigogo wao, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Dosari za uchaguzi ule hatuzisahau. Lakini mazoea ya kumngojea mkubwa hayakufutwa pamoja na kifungu.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alishika njia nyingine. Mwaka 1977 alianzisha, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, kazi iliyokuja kujulikana kama Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu walishuku kwamba kina mama wasio na diploma wangeweza kuotesha miti. Yeye akawahimiza watumie ujuzi uleule wanaotumia kwa mahindi na maharagwe. Tena kikundi kililipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliosalimika: si kwa shimo lililochimbwa, wala kwa hotuba iliyosikilizwa. (Wanasiasa wetu wengi hupanda mche mbele ya wapiga picha, wasirudi hata kuumwagilia.) Kufikia 2004 miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Katika semina zake watu walitaja shida zao, na lawama karibu zote wakaitupia serikali. Hapo ndipo walipoulizwa: na mteremko wa shamba lako ulioachwa bila matuta, je, nao ni wa serikali? Swali hilo halimpendezi msikilizaji, wala halimpatii kiongozi makofi. Ndiyo maana wachache huliuliza.

Matunda yalionekana mwaka 1992. Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, Profesa Maathai akiwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia. Yeye akapigwa hadi kuzimia, akapelekwa hospitalini. Kina mama, waliotawanywa kwa nguvu, walirejea bila kungoja apone. Kanisa Kuu la All Saints likawapa hifadhi, wakakaa humo takriban mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipofunguliwa.

Basi katika mkutano ujao wa kamati yenu ya haki na amani, mwenyekiti na aketi kiti cha nyuma, asiseme neno hadi kila mjumbe ataje kazi moja atakayoifanya mwenyewe kabla ya mwezi kuisha.