Bei ya Mbao si Bei ya Kazi

Makazi ya wakimbizi ya Dzaleka yamo wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe. Mahali hapo zamani palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 pamekuwa maskani ya watu waliokimbia vita. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za sokoni. Wamo pia maseremala ambao mikono yao haina upungufu wowote. Upungufu umo katika hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wafanye kazi mwaka mzima wasibakiwe na kitu.

Ni desturi ya mafundi wengi, Dzaleka na kwingineko, kupanga bei kwa kuzidisha thamani ya mbao mara mbili. Mteja akiagiza mlango wenye miimo ya nakshi, fundi hutazama mbao, huzidisha, hupeana mkono na mteja, na kazi huanza. Njia hii ni nyepesi, lakini inadanganya.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mlango uliokamilika unabeba mbao za kwacha 60,000. Lakini mbao haitoki yote: sehemu hukatwa kwa sababu ya mafundo na nyufa, na sehemu huwa maranda chini ya randa. Ikiwa moja ya tano ya mbao hupotea, fundi hana budi kununua mbao za kwacha 75,000 ndipo abakiwe na za 60,000. Aongeze gundi, msasa na bawaba kwa 15,000, siku nne za kazi kwa 10,000 kila siku, yaani 40,000, usafiri 12,000, na uchakavu wa vifaa 8,000. Jumla ni 150,000, na hapo faida bado haijaingia. Yule aliyezidisha 60,000 mara mbili amepokea 120,000. Amemlipa mteja kwacha 30,000 ili apewe ruhusa ya kufanya kazi!

Papi za nakshi za kuzungushia dari na milango zina hila yake. Kisu hunolewa na mashine hupangwa mara moja, mteja awe anataka mita 5 au mita 200. Kwa hiyo bei ya mita moja haiwezi kuwa sawa katika kazi hizo mbili. Gharama ya kutayarisha mashine ihesabiwe peke yake, kisha mita zihesabiwe peke yake, na mteja aelezwe hivyo waziwazi. Mteja mwenye akili ataelewa, na huenda akaagiza nyingi zaidi.

Lipo na jambo la fedha yenyewe. Mwezi wa Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola moja ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Fundi aliyekuwa ameahidi bei mwezi mmoja kabla, akiwa hajanunua vitasa wala vanishi itokayo ng'ambo, alijikuta akiidhamini nyumba ya mtu mwingine. Dawa yake ni mambo mawili: bei iandikwe pamoja na siku ya mwisho ya kutumika kwake, na mteja atoe arubuni itoshayo kununua mbao na vifaa siku ile ile ya mapatano.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa Dzaleka hana nguvu ya kudai hayo. Neno hilo lina ukweli. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti juu ya haki ya kazi na uhuru wa kuchagua mahali pa kuishi, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini. Asiyeweza kwenda Lilongwe atakavyo hulazimika kumtegemea mchuuzi amchukulie mlango wake. Mchuuzi naye ana gharama zake, wala si haki kumwita mwizi. Lakini fundi asiyejua mlango wake umemgharimu nini atauziana naye kama kipofu. Ajuaye kwamba ni 150,000 anajua pia mahali pa kusema hapana.

Na mteja akisema hana fedha, ipunguzwe kazi, isipunguzwe hesabu. Nakshi iwe sahili, au mlango uwe wa mbao nyepesi. Kuikubali bei isiyotosha ndiko kunakozaa mbao mbichi na gundi haba. Kiangazi kikifika mlango unapinda, mteja wa Lilongwe analipa mara ya pili, na jina la mafundi wote linachafuka.

Tunawashauri basi maseremala wa Dzaleka wakae pamoja, wafundishane namna moja ya kuhesabu, na kila karakana iwe na daftari. Si lazima bei zao zilingane, kwa maana ustadi haulingani. Lakini kila mmoja ajue gharama yake kabla ya kutamka bei. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na jasho ndiyo mali pekee ambayo wengi wao walivuka nayo mpaka.