VIJANA, MSISHANGILIE RELI KABLA YA KUHESABU TRENI!

Kijana mwenzangu unayening'inia mlangoni mwa daladala saa 12 asubuhi, mguu mmoja ndani na mwingine Mungu ndiye anajua uko wapi, hebu nisikilize. Siku hizi vijiweni kuna wimbo wa reli ya mjini. Eti treni nyepesi za umeme zitapita katikati ya Dar es Salaam na foleni itabaki hadithi! Mkubwa akilitaja jukwaani, makofi. Kipya kinyemi, japo kidonda.

Tuelewane. Mimi siipingi reli. Sensa ya 2022 ililihesabu jiji hili watu 5,383,728, na halaiki hiyo haiwezi kubebwa na Hiace na bodaboda milele. Ninachopinga ni changa la macho. Reli haiondoi foleni hata ya gari moja. Kinachoondoa foleni ni treni, tena nyingi, zinazofika kila baada ya dakika chache. Reli isiyo na treni ni ukuta uliojengwa katikati ya barabara yako.

Tupige hesabu ya darasa la saba. Tuseme treni moja inabeba watu 300. Zikipita treni 10 kwa saa ni watu 3,000, yaani Coaster 100 za watu 30 zimetoka barabarani. Hapo mji utapumua. Lakini zikipita 2 tu, nyingine zimelala karakana zikisubiri vipuri, ni watu 600. Wale 2,400 wako wapi? Wako barabarani, kwenye daladala na bajaji, na barabara yenyewe imeshamegwa katikati kupisha reli! Foleni imepungua hapo au imenenepa?

Bado makutano. Reli ikipita chini pamoja na magari, kila treni inafunga njia. Treni 10 za kwenda na 10 za kurudi, kila moja ikisimamisha magari dakika moja, ni dakika 20 za kila saa. Weka hesabu hiyo Kariakoo, ambako mkokoteni mmoja ukikatika tairi mtaa mzima unapiga honi! SGR ilipoingizwa mjini ilipandishwa juu ya daraja. Je, reli ya walalahoi nayo itapandishwa, au itatambazwa chini kwa sababu daraja ni ghali? Hilo ndilo la kumuuliza mbunge wako. Rangi ya mabehewa hamtapanda.

Unadhani natia chumvi? Nenda Addis Ababa. Ethiopia ilizindua reli yake ya mjini Septemba 2015, kwa dola milioni 475, fedha nyingi zikiwa mkopo wa China. Zililetwa treni 41. Haikupita miaka mingi, nyingi zikalala kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia. Reli haikulala. Ilibaki pale pale katikati ya barabara, na uzio wake, watu wakizunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Treni zimekufa, deni liko hai!

Lakini ya nini kwenda mbali? Tuna mwendokasi hapa hapa nyumbani. Mradi ulipangiwa mabasi 305. Mei 2016 ulianza na mabasi 140. Hata yalipoongezwa hayakufika 305, huku mengine yakiharibika. Karakana nayo wakaijenga Jangwani, bonde la Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa shule anajua mvua ikinyesha panageuka bwawa. Na daladala za Barabara ya Morogoro? Ziliondolewa mapema, kabla ya mabasi kutosha. Abiria akabaki kituoni akitazama njia tupu ya zege, wakati magari mengine yamebanana pembeni. Mbagala ndiyo usiseme. Zege la Barabara ya Kilwa lilikauka, vituo vikasimama vinapigwa vumbi, mabasi yakaja kuanza kazi 2025!

Hao ndio wanaotaka tuwaamini kwa treni. Wanajua kukata utepe. Kununua vipuri hawajui, kwa sababu kwenye vipuri hakuna ngoma wala picha ya gazetini.

Na wewe konda, dereva, deiwaka, mpiga debe, usijidanganye kwamba hili ni la wenye suti. Siku njia yako ikifutwa ndipo utajua. Mwaka 1983 UDA ilipozidiwa, serikali iliruhusu magari ya watu binafsi, na daladala zikalibeba jiji hili kwa nauli ya dala moja, yaani shilingi 5. Leo tunaitwa uchafu wa mji!

Kwa hiyo tudai mambo matatu, tena kwa maandishi. Kwanza, njia ya daladala isifutwe hata moja mpaka treni zote zilizoahidiwa ziwe zimefika, zimehesabiwa hadharani na zinatembea. Pili, katikati ya mji reli ipite juu, au tuonyeshwe kila makutano magari na waenda kwa miguu watapita wapi. Tatu, daladala zipangiwe kuleta abiria stesheni kutoka Buza, Chanika na Kitunda, ili vijana wabaki na kazi na abiria asitembee kilomita tatu kuifuata treni.

Wakikataa haya matatu, basi jueni reli yenyewe si ya kuondoa foleni. Ni ya kuwapa mkandarasi ulaji na mkubwa jiwe la msingi lenye jina lake.

Wakija na ngoma zao mtaani kwenu, msiulize reli ina urefu gani. Ulizeni: treni ngapi, na vipuri nani atalipa?