Aliir: Kipaji kilichozaliwa Kakuma, kikavunwa Australia

MSIMU wa 2021 ulipomalizika, kikosi bora cha mwaka cha kandanda ya Kiaustralia kilikuwa na jina la mwanamume aliyezaliwa katika ardhi ya Kenya. Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, alikuwa miongoni mwa wachezaji 22 walioteuliwa. Alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, miaka miwili baada ya kambi hiyo kufunguliwa kuwapokea waliokimbia vita vya Sudan.

Mchezo wenyewe haujulikani sana hapa nyumbani. Mpira wake una umbo la yai, kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, na bao linalopita katikati ya milingoti miwili mirefu huleta pointi 6. Kazi ya Aliir ni kuruka na kudaka mpira aliokusudiwa mshambuliaji, kabla haujamfikia.

Wapenzi wa michezo hupenda kuisimulia safari yake kana kwamba kipaji kilijichimbia njia chenyewe. Simulizi hiyo ni tamu, ila inaficha jambo. Aliir aliondoka Kakuma akiwa mtoto, akalelewa Brisbane na baadaye Perth. Huko alikuta ngazi iliyokwisha kusimamishwa: klabu za vijana, kisha East Fremantle katika ligi ya Australia Magharibi, kisha uteuzi wa kitaifa, ambapo klabu dhaifu hutangulia kuchagua. Mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 19, Sydney Swans walimchagua katika nafasi ya 44.

Hakupangwa katika kikosi cha kwanza hadi 2016. Subira hiyo ya klabu ina uzito kuliko sifa zote za kimo na wepesi alizomiminiwa baadaye. Msimu huohuo wa kwanza aliumia goti katika nusu fainali dhidi ya Geelong, akaikosa fainali ambayo Swans walishindwa na Western Bulldogs. Mwishoni mwa 2020 alihamia Port Adelaide na ndipo nyota yake ikang'aa, japo Bulldogs haohao waliwabwaga wenzake kwa tofauti ya pointi 71 katika nusu fainali ya 2021.

Mchezo huo una makali yake pia. Julai 2023 Aliir aligongana vichwa na mwenzake Lachie Jones, akarudishwa uwanjani bila kupimwa ubongo kama kanuni zinavyoagiza. Port Adelaide walitozwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa.

Aliir si wa pekee. Awer Mabil, aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995, alifunga mojawapo ya penalti zilizoing'oa Peru mwaka 2022 na kuipeleka Australia katika Kombe la Dunia la soka. Kambi moja, nyota wawili, na wote wakivalia jezi za nchi iliyo ng'ambo ya bahari. Lakini ikumbukwe kwamba kote duniani, wakimbizi wanaopata nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu kila mwaka hawafiki asilimia moja. Waliosalia Kakuma hawakukosa miguu wala mikono. Kwa miaka mingi walihitaji kibali hata cha kutoka kambini.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ililegeza baadhi ya vikwazo hivyo, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unaahidi kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi ya kawaida, ambako wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja. Suala la uraia ni jingine. Kwa mujibu wa Kifungu cha 14 cha Katiba, raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mama au baba yake ni Mkenya. Mahali alipozaliwa mtoto hapatoshi.