Mwacheni Bibi Yangu Apumzike

Kuna mhubiri mmoja, simtaji maana nikimtaja atalazimika kuongeza viti, alisema redioni wiki iliyopita kwamba damu ya Yesu inaondoa dhambi ulizotenda wewe, lakini zile za babu yako bado zimelala kwenye madhabahu ya ukoo, zinasubiri mtu wa kuzilipia. Akataja na namba ya simu ya kutumia hiyo sadaka ya ukombozi, akairudia mara mbili, taratibu, kwa ajili ya wazee. Nilikuwa nachambua mchele. Redio niliizima, ila hasira haikuzimika nayo.

Laiti angekuwa peke yake. Imani hii imeenea mpaka watu wanaidhani ni sehemu ya Injili: kwamba mtu anaweza kuokoka, akabatizwa, akashiriki meza ya Bwana miaka nenda miaka rudi, na bado akawa amefungwa na jambo alilofanya baba wa babu yake chini ya mkuyu. Tazama wanaojaza mahema ya mikesha ya Ijumaa. Wapagani humo ni wa kuhesabu. Humo mna wanakwaya, mna wazee wa kanisa, mna kina mama waliobatizwa wakiwa wachanga na kupata kipaimara kwa gauni jeupe. Wote wanaamini Mungu amewasamehe. Wasichoamini ni kwamba amemaliza.

Wifi yangu naye alinijia na fomu. Karatasi mbili, zimetolewa fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zimefifia, kauziwa shilingi elfu mbili mlangoni mwa kanisa. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa UKOMBOZI WA UKOO. Chini ni mistari ya kujaza: babu mzaa baba, bibi mzaa baba, babu mzaa mama, bibi mzaa mama, kabila, walikozikwa. Je, kwenu kuna mapacha? Je, ulichanjwa chale utotoni? Je, jina lako ni la kurithi? Upande wa pili kuna visanduku vya kuweka tiki: kuchelewa kuolewa, mimba kuharibika, kufukuzwa kazi, kuota unakula. Kuota unakula! Nionyesheni Mtanzania asiyeota anakula, hasa mshahara ukichelewa.

"Wifi," akaniuliza, kalamu mkononi, "hivi bibi yenu mzaa baba alikuwa anatambika?"

Nikamwambia bibi yetu alikuwa anasuka mikeka. Kwa mikeka hiyo alimsomesha baba, na baba ndiye aliyemsomesha huyo mume anayeombewa. Akatafuta kisanduku cha mikeka, hakukiona. Akaandika "haijulikani", na haijulikani, kama mnavyojua, ndiyo inayotoza pesa nyingi zaidi.

Hoja yangu ni moja na nitairudia mpaka mchoke. Msamaha wa Mungu, kwa Biblia hiyo hiyo wanayoipunga jukwaani, umelipiwa mara moja. Waebrania sura ya 10 inalirudia jambo hilo kana kwamba mwandishi alijua tutakuwa wagumu wa kusikia. Wakolosai 2:14 inasema hati ya mashtaka imefutwa na kugongomewa msalabani. Wagalatia 3:13 inataja laana yenyewe kwa jina na kueleza nani aliibeba. Kilicholipwa kimelipwa. Anayekuja kudai tena anafanya biashara ya kausha damu: umemaliza marejesho, kitabu kimefungwa, halafu kijana wa pikipiki anasimama mlangoni na daftari jingine, anasema hili lilikuwa la marehemu babu yako na riba imekua. Mlipe leo. Wiki ijayo atakuja na la bibi.

Wenyewe hunijibu kwa Kutoka 20. Wanaisoma aya ya 5, ile ya uovu wa baba kupatilizwa mpaka kizazi cha tatu na cha nne, halafu Biblia inafungwa haraka utadhani mvua imeanza kunyesha. Aya ya 6, inayozungumzia rehema kwa maelfu, haisomwi. Ezekieli sura ya 18, iliyoandikwa mahususi kumnyamazisha mtu anayesema watoto wanalipia makosa ya baba zao, sijawahi kuisikia mkeshani hata kwa bahati mbaya. Na wanafunzi wa Yesu walipomkuta kipofu wa kuzaliwa, Yohana 9, waliuliza swali lile lile la kwenye fomu: nani alikosa, huyu au wazazi wake? Yesu akakataa yote mawili. Hakuuliza hata bibi yake alikuwa nani.

Lakini hoja wanayoipenda kuliko zote ni ya kisukari. Mbona kisukari kinarithiwa, mama? Hapo wananyamaza na kunitazama kama wamenikamata. Sawa, kinarithiwa. Basi mwenye kisukari aende zahanati akapimwe, apewe dawa, apunguze soda. Sijasikia daktari aliyemwambia mgonjwa alete elfu hamsini ili aliombee kongosho la babu yake. Mwingine akaniambia kwao wako mabinti watano na hakuna hata mmoja aliyeolewa, sasa hiyo kama si laana ni nini? Dada yangu, vijana wa mtaani kwenu nawafahamu. Huo ni ulinzi wa malaika.

Tucheke, ila kuna mahali kicheko kinakatika. Ukishamfundisha mtu kwamba taabu yake ina mwanzilishi, na mwanzilishi huyo ni mzee wa ukoo, umempa mtu wa kumchukia. Wazee waliokufa hawaumii, lakini si bibi wote wamekufa. Wapo walioko kijijini, wanasubiri sukari na sabuni zinazoletwa Krismasi, na mwaka huu hazikuja kwa sababu mtumishi kaona katika roho kwamba kifungo kinatokea upande wa bibi. Kwa nchi hii jambo hili si la mzaha. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia, kuni na kinyesi cha ng'ombe, maisha yao yote. Aliyeshika panga anajua alichofanya. Aliyesimama madhabahuni akafundisha watu kutafuta mchawi ndani ya ukoo wao, huyo bado anaitwa baba.

Ananishangaza zaidi Mlutheri. Kila Oktoba 31 tunavaa, tunaimba, tunakumbuka mwaka 1517, Martin Luther na hoja zake 95 kule Wittenberg. Alimkasirikia nani? Alimkasirikia Johann Tetzel, mtawa aliyezunguka Ujerumani akiuza vyeti vya rehema, pamoja na vya kuwatoa jamaa waliokufa kwenye mateso yao, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Kulipia makosa ya marehemu! Tunaisherehekea siku hiyo asubuhi, jioni tunapanga foleni kulipia ya babu. Na Tetzel angalau alitoa cheti.

Foleni nazo zina historia yake. Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Tulisikitika wiki moja, kisha chupa zikarudi sokoni. Mafuta, maji, chumvi, udongo, stika za kubandika kwenye gari. Utitiri wa vyeo nao ukaja humo humo: aliyekuwa mwinjilisti akawa mchungaji, mchungaji akawa nabii, nabii akawa mtume, na sasa kuna mtume mkuu. Mtume mdogo ni yupi? Vipaza sauti vyao vinapiga mpaka saa kumi alfajiri, na mtoto wa jirani ana mtihani wa darasa la saba.

Wala makanisa yetu ya zamani yasikae pembeni yakitabasamu. Nani aliwafundisha watu kwamba msamaha una masharti ya fedha? Binti akipata mimba anatengwa, anasimamishwa mbele ya usharika "arudi kundini", na aliyempa mimba yuko kwenye besi ya kwaya. Mzee akifa, kabla ya kuulizwa ibada ni saa ngapi, linafunguliwa daftari la bahasha za ahadi. Kama hakutoa, mchungaji anapata safari ya ghafla. Mtu aliyelelewa hivyo, akiambiwa na nabii kwamba Mungu bado anamdai, atashangaa nini? Amezoea.

Hasara kubwa kuliko zote, hata kuliko hizo pesa, ni kwamba watu hawakui. Waebrania sura ya 5 na ya 6 zinawakemea Wakristo waliokaa miaka mingi na bado wananyonya maziwa, zinawaambia waache kuweka msingi ule ule wa toba kila siku. Sisi tuna watu waliookoka kabla ya simu za mkononi kuingia nchini, na kila Ijumaa wanafunguliwa upya. Kamba ile ile. Ukimuuliza mtu kama huyo amepatana na ndugu yake waliyegombana naye kwa ajili ya shamba, anakujibu roho ya magomvi iko kwao tangu enzi za Mjerumani. Ukimuuliza kama dada wa kazi amelipwa, anasema kuna roho ya madeni. Laana ya ukoo ina raha yake hiyo: kosa ni la bibi, na wewe ni mhanga mwenye mafuta.

Wazee wetu wa Uamsho wangeshangaa. Uamsho ule wa miaka ya 1930, uliowaka Gahini nchini Rwanda ukapita Uganda na kufika Bukoba na Kenya, ulikuwa na udhaifu wake, walijua kujihesabia haki wale ndugu, na waliwachosha wachungaji wengi. Lakini mtu akiokoka, kijiji kilijua, kwa sababu alikuwa anarudisha vitu. Alikwenda kwa jirani na kusema jembe hili niliiba kwako. Kutembea nuruni kulimaanisha hivyo. Humo ndimo alimokulia Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyeikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, kisha akaandika kitabu cha kumsamehe Idi Amin. Anayejua amesamehewa mpaka mwisho anaweza kufika huko. Anayedhani bado anadaiwa na babu yake, hata mwenye nyumba aliyempandishia kodi hawezi kumsamehe.

Zakayo mtoza ushuru vilevile. Alipokubaliwa, alitangaza kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Fedha zilikwenda kwa waliodhulumiwa. Yesu alikuwa amekaa mezani pale pale na hakuchukua hata senti, wala hakuuliza jina la babu yake Zakayo, ambaye kwa biashara ile ya ushuru huenda naye alikuwa na mengi ya kujaziwa fomu.

Wanaopokea sadaka za ukombozi hupenda sana kumhubiri Naamani, yule jemadari aliyepona ukoma baada ya kuzamia Yordani mara saba. Wasikilizeni, wote huishia mtoni. Hawaendelei na 2 Wafalme 5, kwa sababu Naamani alipotoka majini alirudi na zawadi, na Elisha akakataa kupokea chochote. Mtumishi wake Gehazi akaona bwana wake ni mjinga. Akamkimbilia Naamani njiani, akatunga uongo, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akayaficha nyumbani. Kwa hiyo nabii yeyote anayetaka laana ya ukoo yenye sura na aya, mimi ninayo, aya ya 27: ukoma wa Naamani ulimshika Gehazi na uzao wake, kwa kupokea malipo ya kitu ambacho Mungu alikitoa bure.