Kiswahili cha Gulioni

Mshairi mmoja wa visiwani, rafiki yangu wa miaka mingi, alinirudishia shairi akiwa amelipigia mstari neno "ngoro". Pembeni aliandika: "Hiki ni Kiswahili cha gulioni." Alikusudia kunitahayarisha. Namjibu hadharani, kwa heshima zake zote, ila haya sina.

Jumamosi moja nilikuwa gulioni kwetu Namswea, wilayani Mbinga. Wamatengo wameleta maharage na mahindi. Wanyasa wamepanda na dagaa na mbasa kutoka ziwani. Wangoni wamo, na Wanyakyusa pia, kila mtu na lugha ya mama yake. Kijana mmoja wa mitumba, mzaliwa wa Mtwara, alisimama mbele ya samaki asiyemjua. "Shikamoo, mama. Huyu anaitwaje?" "Marahaba, mwanangu. Huyo mbasa." Akapunguziwa bei, akaondoka na samaki mkononi na neno jipya kinywani. Niambie, msomaji: kati ya wawili hao, nani aliyeiharibu lugha?

Sasa ngoro. Mmatengo hukata nyasi mlimani, akazilaza kwa miraba, akazifukia kwa udongo anaouchimba katikati. Mazao hukaa juu ya matuta, maji ya mvua hutuama shimoni, na mteremko haumomonyoki. Niiite kazi hiyo nini? Nikisema "shimo" nimepotosha. Nikisema "tuta" nimetaja nusu.

"Soko" tumelipata kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno, "gari" kwa Wahindi, na leo ni maneno yetu bila ya ubishi. Lililokuja kwa jahazi lilikaribishwa. Lililokuja kwa miguu kutoka Umatengo linaulizwa kabila!

Na njia hiyo ya miguu ina kumbukumbu chungu. Kutoka Nyasa hadi Kilwa, na kutoka Kilwa hadi Unguja, walipitishwa watu minyororoni. Mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, wengi waliouzwa pale walitoka pande za ziwa letu. Wakalima mikarafuu ya watu, wakalea watoto wa watu, wakawabembeleza kwa nyimbo. Anayekidharau kinywa cha Nyasa huenda anamkana bibi yake.

Sikatai kanuni. Upatanisho wa sarufi uheshimiwe, vina na mizani vitimie, na kosa lisipewe kiti kwa kuwa limezoeleka. Lakini neno lililobeba kitu kisicho na jina jingine haliwezi kuwa kosa. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikabidhiwa nyumba yenye wageni wengi; mwenye nyumba hakai mlangoni na rungu.

Shairi nimelirudisha kama lilivyokuwa, ngoro mahali pake. Rafiki yangu asipolielewa neno, na aulize, kama alivyouliza yule kijana wa mitumba. Gulioni kuuliza si aibu.